Bafa ni ua wa nyumba nzima

Wadogo zangu mnaoanza kulea seva za PostgreSQL, ile programu ya kanzidata, kila kijana anayekuja kujifunza kazi ofisini kwetu hapa Tanga huniuliza hili wiki ya kwanza: "Kaka, nitamwekeaje huyu mtumiaji kikomo cha bafa?" Bafa ni memori ya pamoja ambamo seva huweka data inayotumika. Hawekewi.

Chukua nyumba ya kupanga kule Ngamiani: vyumba sita, ua mmoja nyuma. Bafa, ambayo kipimo chake huitwa shared_buffers, ndiyo ua. Hutengwa mara moja seva inapowaka, na kila anayeingia anautumia; huwezi kumkatia mpangaji mmoja kipande chake. Usipoigusa ni 128MB, ndogo mno kwa kazi ya kweli. Mashine ikiwa ya kanzidata peke yake, anza na robo ya memori. Kuvuka asilimia 40 mara chache husaidia, maana PostgreSQL huegemea pia akiba ya mfumo endeshi. Kuibadilisha ni mpaka uzime seva na kuiwasha, basi subiri usiku.

Balaa liko vyumbani. work_mem ni jiko la mpangaji: memori ya kupanga rekodi kwa mfuatano na kuoanisha majedwali. Kawaida yake ni 4MB, lakini msidhani ni 4MB kwa mtu. Ni kwa kila hatua ya kupanga au kuoanisha, na ombi moja (swali moja kwa kanzidata) laweza kuwa na hatua tatu, nne. Mpangaji mmoja, majiko manne, yote yanawaka.

Mimi nilijifunza kwa kuumia. Mhasibu wa ofisi niliyoanzia alilalamika ripoti yake inachelewa, nikapandisha work_mem hadi 256MB kwa watu wote. Seva ilikuwa na memori ya 16GB, na 4GB tayari zilikuwa za bafa. Mwisho wa mwezi wakaingia watu 60. Zidisha: 15,360MB, na hapo nimehesabu jiko moja moja. Memori ilipokwisha Linux, mfumo endeshi wa seva, iliua mchakato mmoja uliokuwa ukimhudumia mtumiaji, na PostgreSQL ikiona mchakato wake umeuawa namna hiyo huwatoa watumiaji wote ianze upya. Makarani walipoteza kazi ambayo haijahifadhiwa, madereva wa malori wakakaa juani getini wakingoja hati. Sijasahau nyuso zao.

Sasa nawaachia wote kipimo kidogo, namwongezea mwenye haja, kama akaunti hii iitwayo ripoti, na kumwekea kikomo cha miunganisho:

ALTER ROLE ripoti SET work_mem = '64MB';
ALTER ROLE ripoti CONNECTION LIMIT 4;

Ukuta ni huo mstari wa pili. Wa kwanza ni kianzio tu. Mtumiaji yeyote anaweza kuandika SET work_mem akajiongezea mwenyewe. Idadi ya miunganisho haivuki, isipokuwa awe msimamizi mkuu, kwa hiyo cheo hicho usimpe mtu wala programu kwa kuonea haya.

Tena, ALTER ROLE haimgusi aliyekwisha kuingia. Programu inayoshikilia muunganisho yaweza kushinda kutwa na kipimo cha zamani, ukadhani amri haikushika. Mtoe, aingie upya, halafu aandike SHOW work_mem.

Na kabla ya kumwongezea yeyote, weka log_temp_files iwe 0, seva iandike kila faili la muda kwenye kumbukumbu zake, uone ombi lake linamwaga kiasi gani diskini, kisha lisome ombi lenyewe. Ya yule mhasibu nilikuja kuisoma baadaye: jedwali halikuwa na faharasa ya tarehe. Nilipoiweka, rekodi zilikuja zimeshapangwa, na 4MB zikamtosha.