Jibu: Mama ameza dawa ya thairoidi, mbona bado mchovu?

Dadangu wa Lamu, umeuliza mbona mama anameza levothairoksini, dawa ya thairoidi (tezi ya shingoni), na uchovu hauishi, na wapi utapata wagonjwa wenzake. Anaiteremshia na nini? Mimi hapa Malindi miezi mizima niliimeza na chai ya maziwa, hamri mkononi. Kumbe yataka tumbo tupu, maji tu, kisha usubiri nusu saa hadi saa nzima. Vidonge vya chuma au kalsiamu vikae mbali nayo, muda wa saa 4. Dozi ikibadilishwa, damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8.

Wagonjwa wenzake: British Thyroid Foundation, jumuiya ya Uingereza aliyoianzisha mgonjwa, Janis Hickey, mwaka 1991. Maandishi yao ni ya Kiingereza, itabidi umsomee.