Kinundu cha milimita 5 kwenye CT scan ya mzee

Dada, pole kwa wasiwasi. Umeuliza kama kinundu cha milimita 5 kwenye pafu la mzee ni saratani. Kwa ukubwa huo, mara nyingi sana siyo. Kinachozidi milimita 30 ndicho huitwa uvimbe, na hapo madaktari hawasubiri.

Umesema aliugua TB zamani, na ripoti inasema kinundu kina kalsiamu. Mimi ningeshika hilo kwanza. TB ikipona huacha kovu, na kovu hujaa kalsiamu taratibu kwa miaka. Kovu la hivyo halihitaji dawa. Ila picha peke yake haithibitishi kwamba TB imekwisha: akiwa na kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa, jasho la usiku au anakonda, apimwe makohozi kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya TB.

Je, anavuta sigara, au aliwahi kuvuta? Mwambieni daktari bila kumficha, maana mvutaji huenda akaambiwa arudie CT baada ya miezi 12. Na tafadhali tafuteni picha zake za zamani, hata eksirei. Kinundu kigumu ambacho hakijakua kwa miaka 2 kwa kawaida si saratani. Mwende kwa daktari na CD yenyewe yenye picha za CT, siyo karatasi ya ripoti tu.