Mkemee wa Kwenu, Mhani wa Kwao

Tangu machafuko ya siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, yalipozikumba Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya na miji mingine ya Bara, nimekuwa nikiulizwa swali moja na wapwa zangu na wanafunzi wangu wa zamani wanaoishi huko: mtu aishi vipi na jirani, ndugu au mfanyakazi mwenziwe ambaye wakati watu wanauawa yeye alicheka, au alinyamaza kana kwamba hakusikia? Wananiuliza mimi kwa sababu nimezaliwa Wete, kisiwani Pemba, na nimesomesha huko sehemu kubwa ya umri wangu, na wanaamini kwamba Mpemba wa rika langu ameyaona mambo haya mapema kuliko wao. Hawakukosea, ingawa ningependa wangekosea. Nimewajibu mmoja mmoja kwa simu, kila mmoja kwa ufupi, na hapa nayaandika kwa urefu yale ambayo simu haikutosha kuyasema.

Msomaji ambaye mwaka 2001 alikuwa mdogo, au hakuwa amezaliwa, inafaa akumbushwe kilichotokea kwetu Zanzibar. Chama cha upinzani cha CUF kilikataa matokeo ya uchaguzi wa Oktoba 2000 na kikaitisha maandamano ya kudai urudiwe. Mjini Unguja risasi zilianza kuua siku ya Ijumaa, Januari 26, 2001, kwenye msikiti wa Mwembetanga, ambako imamu alikuwa miongoni mwa waliokufa. Kesho yake, Januari 27, waandamanaji walipigwa risasi Wete, Chake Chake, Micheweni na Mkoani. Shirika la Human Rights Watch lilitaja watu wasiopungua 35 waliouawa na zaidi ya 600 waliojeruhiwa, na serikali ikataja idadi ndogo zaidi. Huko Micheweni askari polisi mmoja pia aliuawa, na huyo naye alikuwa mtoto wa watu. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, upande wa Kenya, wengine wao kwa mashua za uvuvi zilizojaa kupita kiasi.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa na waandishi wa habari. Yaliyoandikwa kidogo ni namna watu wa kawaida walivyoyapokea, na hapo ndipo penye ushauri wangu wote. Katika mitaa yetu, habari ya mtu kupigwa risasi ilipofika, swali la kwanza halikuwa jina lake wala hali yake. Swali lilikuwa: ni wa chama gani? Jibu likipatikana, kila mmoja alijua uso wa kuuvaa. Walikuwapo waliosema wazi kwamba waandamanaji wamejitakia, na walikuwapo waliosikia habari ya yule askari wa Micheweni wakasema afadhali. Wote walikuwa watu waliokuwa wakiswali pamoja na kuozeana watoto.

Kususiana hakukuanza siku ile. Kulianza baada ya uchaguzi wa Oktoba 1995, ule ambao Dk. Salmin Amour wa CCM, chama kinachotawala, alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, na wingi huo mwembamba ukawaacha watu wa Pemba wakiamini kwamba wamedhulumiwa. Kuanzia hapo watu waliacha kuzikana. Palikuwa na vijiji ambavyo watu wa CCM wakifiwa, waliofika mazikoni walikuwa jamaa wa damu tu, na jeneza likabebwa na watu wachache likichosha mabega yale yale hadi kaburini. Palikuwa na gari za abiria ambazo mtu wa upande wa pili hapandi, visima ambavyo hachoti, na hata sala ya jamaa ikagawika, imamu huyu kwa hawa na imamu yule kwa wale. Sheha, ambaye kwetu ndiye mkono wa serikali mtaani, aliweza kupita baraza tano asijibiwe salamu hata moja.

Ami yangu mmoja alikuwa na duka, na alikuwa CCM. Duka lake halikuchomwa moto wala kuvunjwa, liliachwa tu. Unga wa sembe ulikaa mpaka ukaingia wadudu, na sabuni za kufulia zikapauka kwenye rafu, ilhali wanawake wa mtaa huo huo walikwenda mbali na vidumu vyao kutafuta mafuta ya taa. Bibi yangu mzaa mama, ambaye mjukuu wake alijeruhiwa katika yale maandamano, hakuacha kununua pale. Alikwenda alasiri, wakati baraza zimejaa, na kidumu mkononi, na aliporudi alipita njia ile ile mbele ya watu wale wale. Wenzake walipomuuliza haoni haya, aliwajibu kwamba ananunua mafuta, hanunui kadi. Hakuhutubia zaidi ya hapo, na hakuna aliyethubutu kumwita msaliti, kwa sababu damu ya mjukuu wake ilikuwa haijakauka na kila mtu alilijua hilo.

Katika jambo hilo pana kitu ambacho vijana wanaoniuliza hukipita haraka. Bibi aliweza kuwakemea watu wa CUF kwa sababu alikuwa wa kwao. Maneno yale yale yangetoka kinywani mwa ami yangu, yangekuwa malalamiko ya muuza duka aliyekosa wateja, na pengine yangezidisha hasira. Hii ndiyo rai yangu: panapotokea umwagaji wa damu wa kisiasa, makemeo yako yapeleke upande wako na rambirambi zako zipeleke upande wa pili. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunawahani wa kwetu, ambao wana watu wengi wa kuwahani, na tunawakemea wa kwao, ambao hawatusikilizi na hawana sababu ya kutusikiliza. Kisha kila upande unakaa ukihesabu ni nani wa upande wa pili ambaye bado hajalaani.

Kama wewe ni wa chama kinachotawala, una kitu ambacho jirani yako mpinzani hana, nacho ni kutoogopa kuingia ofisini. Wakati wa yale maandamano, kama ilivyo desturi nchini kwa aliyejeruhiwa, kupata matibabu katika hospitali ya serikali kulihitaji fomu ya polisi, ile inayoitwa PF3, na fomu hiyo hutolewa kituoni. Mtu mwenye risasi mguuni alitakiwa aende kuiomba kwa wale wale aliokuwa akiwakimbia, na wengi walikaa na majeraha majumbani, wakiyaosha kwa maji ya chumvi. Mtaani kwetu palikuwa na mzee aliyekuwa mwanachama tangu enzi za ASP, chama kilichoitangulia CCM huku Zanzibar, na siku hizo hakuna aliyemjibu salamu. Alikuja nyumbani kwa kijana mmoja aliyejeruhiwa, akiwa amevaa kwa makusudi kofia yake ya kijani, akamwambia mama wa kijana: mwanao nitampeleka mimi. Alikaa naye kwenye benchi la kituo mpaka fomu ikaandikwa na kugongwa muhuri, kisha akamfikisha hospitali. Mzee yule hakuacha chama chake, wala hakutoa tamko lolote la kuilaani serikali, na mimi sikuwahi kuona kwamba alikuwa na deni la tamko. Alikitumia cheo chake kidogo mahali ambapo kingefaa. Nawaomba vijana walio ndani ya chama tawala leo, wanaoniandikia kwamba wao ni wadogo na hawana sauti, wafikirie ni mlango gani walio nao ambao jirani yao hawezi kuubisha.

Upande wa pili nao una kazi yake, na kazi hiyo ni ngumu kwa sababu mwenye maumivu hapendi kukosolewa na wa kwao. Novemba 5, 2009 Maalim Seif alikwenda Ikulu kukutana na Rais Amani Abeid Karume. Siku mbili baadaye, kwenye mkutano wa hadhara wa Kibandamaiti, alipowaambia wafuasi wake kwamba sasa wanamtambua Karume kuwa Rais wa Zanzibar, umati uliokuwa ukimshangilia kila siku ulimzomea. Alikuwa kiongozi aliyependwa kuliko wote, naye hakusalimika. Upande wa CCM alikuwapo Mzee Hassan Nassor Moyo, aliyekuwa waziri tangu serikali ya mwanzo ya Mapinduzi, ambaye aliiongoza kamati ya maridhiano, na miaka michache baadaye, mwaka 2015, chama alichokitumikia maisha yake yote kilimfukuza uanachama. Hao ndio waliotuwezesha kufika kwenye kura ya maoni ya Julai 31, 2010, ambapo asilimia 66.4 ya waliopiga kura walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Niliyaona matunda yake kwa macho yangu: watu ambao kwa miaka kumi na tano hawakuingiliana walianza kuonekana tena katika khitma za wenzao, mwanzo wakikaa karibu na mlango, baadaye wakisogea ndani.

Hayakudumu, kama inavyojulikana. Oktoba 28, 2015 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi, na ule wa marudio wa Machi 20, 2016 ulisusiwa na CUF. Mitaani Unguja walipita watu waliofunika nyuso, ambao kila mtu aliwaita mazombi, wakipiga raia, na Pemba kususiana kukarudi kama vile hakujawahi kuondoka. Agosti mwaka ule, katika maziko ya Rais mstaafu Aboud Jumbe, Maalim Seif aliukataa mkono wa Rais wa Zanzibar, Dk. Ali Mohamed Shein, mbele ya kamera. Watu wa upande wetu walifurahi sana, na picha ile ilizunguka kwa wiki kadhaa. Nilimheshimu Maalim na hoja yake naielewa, kwamba mkono ungechukuliwa kuwa ni kuutambua urais. Hata hivyo ningependa mkono ule ungenyimwa pahali pengine popote, bungeni, uwanjani, hata uwanja wa ndege, kwa sababu kiongozi akifanya hivyo mazikoni mara moja, wafuasi wake vijijini wanakuwa na ruhusa ya kufanya hivyo kila wiki. Miaka minne baadaye, baada ya uchaguzi mwingine wa Oktoba 2020 ambao nao ulimwaga damu Pemba, yeye mwenyewe alikubali kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais chini ya Dk. Hussein Mwinyi, na wengi waliokuwa wamefurahia mkono uliokataliwa hawakumwelewa.

Sasa niseme juu ya namna ya kuhani, kwa sababu hata hilo limeanza kusahaulika. Ukifika kwa mfiwa wa upande wa pili, toa mkono, sema pole, kaa, na kama kuna kisomo basi soma. Usiongeze neno "lakini." Nimesikia rambirambi nyingi zilizoharibiwa na neno hilo: poleni sana, lakini vijana nao wangebaki nyumbani, poleni, lakini na nyinyi mnaona serikali yenu ilivyo. Pole ya namna hiyo ni afadhali isitolewe. Wala usijadili idadi ya waliokufa katika nyumba yenye maiti. Idadi ni jambo kubwa, na kwetu ubishi baina ya hesabu za serikali na za watetezi wa haki za binadamu ulidumu miaka, lakini mahali pake ni mbele ya tume, mahakama na waandishi. Kwa mfiwa, aliyekufa ni mmoja.

Simu imeleta shida ambayo sisi wa 2001 hatukuwa nayo. Wakati ule tusi lilisemwa barazani, au liliandikwa kwenye ubao wa maskani, yaani kijiwe cha wafuasi wa chama, ile ya Kisonge mjini Unguja ikiwa maarufu kuliko zote kwa hilo, na ubao ulifutwa kesho yake ukaandikwa jingine. Leo kijana akiandika upuuzi saa tano za usiku katika kundi la WhatsApp la ukoo, kuna binamu atakayeupiga picha na kuuhifadhi miaka mitano. Nashauri usiwe binamu huyo. Kama aliyeandika ni wa upande wako, mpigie simu, usimjibu mbele ya kundi, umwambie afute na aombe radhi kwa mwenye msiba. Kama ni wa upande wa pili, mtafute mkubwa wa upande wake unayemwamini umwachie kazi hiyo. Na picha za maiti usizisambaze, hata kama unaamini ni ushahidi. Ushahidi mpe anayeukusanya kwa ajili ya haki, kwani mama wa marehemu naye yumo katika makundi hayo.

Kuna wanaoutumia ushauri kama wangu kuwaziba watu midomo, na hao sitaki wanifanye wakili wao. Tangu nikiwa kijana nimesikia neno amani likitolewa kila mara mfiwa anapouliza nani alimuua mwanawe. Kuhaniana na kudai haki hakugombani. Bibi yangu aliyenunua mafuta kwa ami yangu ndiye huyo huyo aliyeeleza kwa kila aliyekuja kuchunguza, bila kupunguza sauti, wapi mjukuu wake alipigwa na risasi ilitokea upande gani.

Limebaki swali la yule aliyecheka. Hulazimiki kumpenda, wala kumsamehe kabla hajaomba. Msalimie, ukimwuzia kitu mwuzie kwa bei ya watu wote, na siku akifiwa yeye, nenda, hata kama utakaa dakika kumi tu na kuondoka. Ukiona kifua chako hakikubali, basi baki nyumbani, lakini mwanao akitaka kwenda usimzuie.