Udongo, chokaa na mianzi: majibu ya maswali yenu ya ujenzi

Nitajuaje kama udongo wa kiwanjani unafaa kufyatulia matofali ya kushindilia? Fundi ameushika tu, akasema ni mzuri.

Mkono wa fundi mzoefu haudharauliki, lakini haukwambii utie saruji kiasi gani. Fanya majaribio mawili.

Fukua kwanza udongo wa juu wenye mizizi na mboji, kwa kawaida sentimita 30 hadi 50, uupeleke bustanini. Mboji huzuia saruji kushika, na ikishaoza huacha matundu ndani ya tofali. Chukua udongo ulio chini yake, jaza theluthi ya chupa ya kioo iliyonyooka, ongeza maji mpaka karibu na mdomo, tia chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu kisha uiache mahali isipoguswa. Mchanga hutua kama ndani ya dakika moja. Udongo laini kama unga hufuata taratibu. Mfinyanzi ndio wa mwisho, na huenda ukangoja siku nzima maji yawe safi. Pima kila tabaka kwa rula. Unatafuta mchanga na changarawe ndogo theluthi mbili hadi robo tatu, na mfinyanzi usiozidi robo. Kumbuka kwamba mfinyanzi huvimba majini, kwa hiyo tabaka lake huonekana nene kuliko lilivyo.

Jaribio la pili ndilo linaloamua saruji. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, ukipake mafuta ndani. Kijaze udongo uliokandwa kwa maji, ukishindilia pembe zote, kisha ukianike juani siku tatu. Udongo ukikauka husinyaa na kukatika vipande. Visukume vyote upande mmoja, upime nafasi iliyobaki. Ikiwa haifiki milimita 15, sehemu moja ya saruji kwa 18 za udongo inatosha. Milimita 15 hadi 30, moja kwa 16. Hadi 45, moja kwa 14. Hadi 60, moja kwa 12. Ikizidi hapo usiongeze saruji, ongeza mchanga, urudie jaribio.

Yanayoharibu kazi baada ya hapo ni mambo mawili. La kwanza ni kuchanganya lundo kubwa asubuhi na kulifyatua mpaka mchana, ilhali saruji imeshaanza kushika ndani ya lundo. Changanya kiasi kitakachokwisha ndani ya saa moja. La pili ni kuyaanika juani kana kwamba ni tofali bichi la kuchoma. Tofali la saruji haliwi gumu kwa kukauka, linakuwa gumu kwa kubaki na unyevu. Lifunike turubai, ulimwagie maji kwa siku 7, na usilibebeshe ukuta kabla ya siku 28.

Unyevu wa kufyatulia hupimwa kwa mkono: finyanga tonge, liachie lianguke kutoka usawa wa kifua juu ya ardhi ngumu. Likipasuka vipande vinne au vitano, maji yametosha. Likibaki bapa kama chapati, yamezidi. Likitawanyika unga, hayajatosha.

Ukuta wangu wa udongo unaliwa chini, kama futi moja kutoka ardhini. Nilipiga lipu ya saruji, sasa imevimba na inabanduka vipande vizima. Nifanye nini?

Lipu hiyo imeongeza tatizo. Ukuta wa udongo hunyonya unyevu na kuutoa kupitia uso wake; ukiufunika kwa saruji, maji yanayopanda kutoka ardhini au kupenya kwenye ufa hayana pa kutokea. Yanakaa nyuma ya lipu na kuulainisha udongo. Tena saruji ni ngumu na udongo unavimba na kusinyaa, kwa hiyo hivyo viwili haviendi pamoja. Gonga kwa kifundo cha kidole: pakilia kama debe tupu, lipu imeshaachana na ukuta.

Ibandue yote, hata ile inayoonekana imeshika. Acha ukuta ukauke wiki kadhaa za kiangazi. Kisha tafuta chanzo, na mara nyingi ni tone la paa: maji yanaanguka kutoka kwenye upenu, yanagonga ardhi na kurukia ukutani. Upenu wa sentimita 60 ni wa chini kabisa; penye mvua za upepo fanya 90. Pale matone yanapoangukia, ondoa ardhi ngumu uweke kokoto, ili tone life bila kuruka, na uchimbe mfereji wa kuyapeleka maji mbali.

Sehemu iliyoliwa, kata udongo uliolegea mpaka ufike mgumu, ujaze kwa vipande vya tofali la udongo na tope la udongo uleule. Usijaze kwa zege. Anayejenga upya aanze ukuta juu ya mawe au tofali la kuchoma, sentimita 30 hadi 45 juu ya ardhi, na kati ya mawe na udongo atandike karatasi ya nailoni nene. Fedha iliyonunua saruji ya lipu ingefanya kazi kubwa zaidi hapo.

Basi lipu ipi inafaa?

Ya udongo au ya chokaa. Ya udongo: sehemu moja ya udongo wa mfinyanzi, mbili au tatu za mchanga, na nyasi kavu zilizokatwa urefu wa kidole. Loweka usiku kucha. Samadi mbichi ya ng'ombe huipa mshiko na kuifanya istahimili mvua zaidi. Harufu huisha ikikauka. Kabla ya kusiliba, kwaruza ukuta na uunyunyizie maji, maana ukuta mkavu hunyonya maji ya lipu kabla haijashika. Jaribu kwanza vipande vitatu vya nusu mita vyenye mchanga tofauti. Kinachopasuka kina mfinyanzi mwingi, kinachopukutika ukikipapasa kina mchanga mwingi.

Ya chokaa: moja kwa mchanga tatu, nayo ibaki na unyevu kwa siku kadhaa, kwa kuwa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa. Ukizima chokaa mwenyewe, tia chokaa ndani ya maji na si maji juu ya chokaa, na uvae miwani. Ikiingia jichoni huunguza.

Chini ya mabati hapakaliki mchana. Nibadili paa?

Si lazima. Bati likipigwa na jua huwa kama kikaango, na joto lake hukushukia kichwani hata upepo ukivuma. Linalotakiwa ni dari, na juu ya dari hewa inayopita. Acha angalau sentimita 20 kati ya dari na bati, matundu chini kwenye upenu na mengine juu kwenye mgongo wa paa, yote yakiwa na wavu wa kuzuia popo. Dari inaweza kuwa ya matete, mikeka au mianzi iliyopasuliwa. Ukitaka kuipaka udongo juu, hesabu uzito: sentimita 2 za udongo zina kilo 30 na ushee kwa kila mita ya mraba, na fito nyembamba hazitabeba.

Shule ya msingi ya Gando nchini Burkina Faso, kazi ya msanifu majengo Francis Kéré iliyokamilika mwaka 2001, ina dari ya udongo yenye matundu, na bati limenyanyuliwa juu yake kwa kenchi za chuma. Hewa moto hupanda na kutoka, bati halimgusi mtoto kwa joto lake.

Ukuta mnene ni bora kuliko mwembamba?

Inategemea usiku wako. Ukuta wa udongo wa sentimita 40 huchelewesha joto kwa saa 8 hadi 12. Pale ambapo usiku ni baridi, hilo ni jema. Pwani yenye unyevunyevu, ambako usiku haupoi, ukuta huo utakutolea joto ukiwa umelala. Huko fanya kuta nyepesi, madirisha yanayotazamana na kivuli kipana. Karibu na ikweta, kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini. Jua la jioni kutoka magharibi ni la chini, na upenu hauzuii.

Mianzi ya paa inadondosha unga wa manjano. Ni nini?

Ni vidudu vinavyotafuna wanga ulio ndani ya mwanzi. Mianzi iliyoshaliwa itoe. Mingine kata ikiwa na umri wa miaka 3 hadi 5, kiangazi, toboa vifundo vyote kwa nondo ndefu, uiloweke wiki moja hadi mbili kwenye maji yenye boraksi na asidi ya boriki ya asilimia 5 au zaidi. Dawa hii huoshwa na mvua, kwa hiyo mwanzi ukae chini ya paa na usiguse ardhi. Usiupigilie msumari bila kutoboa kwanza, utapasuka.

Ninawezaje kupunguza matofali ya kuchoma?

Yasimamishe kwa ubavu: mawili sambamba na nafasi kati yake, kisha moja la kukatiza, mtindo ambao msanifu majengo Laurie Baker aliutumia sana huko Kerala, India. Unaokoa karibu robo ya matofali, na uwazi wa ndani huzuia joto. Mstari wa kwanza, wa mwisho, pembe na kando za milango viwe vimejaa, bila uwazi ndani. Fundi akidondosha mota ndani ya uwazi, faida yote inakwisha, na matofali yenye vipimo tofauti hayafai kabisa.

Ghorofa ya udongo inawezekana?

Katika mji wa Shibam, Yemen, zipo nyumba za udongo za ghorofa saba. Kuta zake ni nene chini na huzidi kuwa nyembamba kwenda juu. Kwa nyumba ya kawaida, urefu wa ukuta usizidi mara nane ya unene wake, na juu upite mkanda wa mbao au zege kuzunguka nyumba nzima. Penye matetemeko, hata nyumba ya chini ihesabiwe na mhandisi.