Mshtakiwa akiachiwa huru, anzeni kuhesabu siku

Jaji alipomwachia huru kijana aliyeshtakiwa kumuua kaka yangu, mama alibaki kwenye benchi akikunja na kukunjua ncha ya khanga. "Sasa mwanangu kauawa na nani?" Tukarudi nyumbani na wajomba, tukakaa wiki sita tunalaani. Hapo ndipo tulipokosea.

Kwa Tanzania, familia ya marehemu haikati rufaa kwenye kesi ya mauaji. Kesi ni ya Jamhuri, na anayeweza kwenda Mahakama ya Rufani kupinga hukumu ya Mahakama Kuu ni Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP. Notisi yake, yaani taarifa kwamba anakusudia kukata rufaa, iingie ndani ya siku 30. Zikipita, ni kuomba kuongezewa muda, na matanga si sababu. Nendeni wiki hiyohiyo ofisi ya mashtaka, mmuone wakili wa Serikali aliyeendesha kesi (siyo karani wa mapokezi), mumuulize kama notisi imeshawekwa. Ombeni na nakala ya hukumu.

Notisi yenyewe inaweza kuangusha kila kitu. Kwenye kesi ya Zombe, afisa wa polisi aliyeshtakiwa pamoja na wenzake kwa mauaji ya wafanyabiashara watatu wa madini na dereva teksi ya Januari 2006, Mahakama Kuu iliwaachia washtakiwa mwaka 2009. Rufaa ya DPP ikafutwa 2013 kwa dosari ya notisi. Ikaletwa upya, na mwaka 2016 akatiwa hatiani mmoja, Bageni. Zombe akabaki huru.

Ile hukumu yetu niliisoma mara tatu. Ya kwanza nililia tu. Ya tatu nilishika kalamu, na ndipo nikaelewa ushahidi wa mazingira ni kitu gani. Hakuna aliyeona kisu kikiingia. Kulikuwa na muuza kahawa aliyewaona wakiondoka pamoja saa mbili usiku, na simu iliyokutwa kwa kijana. Mtaani kesi hiyo imekwisha. Mahakamani kipimo ni kilekile cha kesi ya Kipkering arap Koske ya mwaka 1949: mambo yote yaelekee kwenye hatia, na pasiwe na maelezo mengine yanayoingia akilini. Kuonekana na marehemu mara ya mwisho kunambana mtu kweli, lakini kijana alisema waliachana njia panda, na simu aliinunua mkononi kwa mtu.

Mama aliitambua ile simu kwa ufa wa kioo. Wakili wa utetezi akamuuliza, kwa upole kabisa, mji huu una simu ngapi zenye ufa. Jaji akaandika kwamba haikuthibitika kuwa ni ya marehemu. Kwa jalada lile, hata mimi ningemwachia. Nimechukua muda mrefu kuweza kuandika sentensi hiyo.

Boksi la simu, lenye IMEI, namba ya pekee ya kutambulisha kila simu, lilikuwa kabatini kwetu muda wote. Mpelelezi hakuuliza, nasi hatukujua kama lina maana. Kwa hiyo kabla hata kesi haijaanza, pekueni nyumba: boksi, risiti, picha, miamala ya simu. Pelekeni kwa mpelelezi, hakikisheni imeandikwa. Mimi nililipeleka kwa wakili wa Serikali baada ya hukumu. Akaligeuzageuza, akanirudishia. "Dada, Mahakama ya Rufani inasoma kilichomo kwenye kumbukumbu za kesi. Hili halimo."

Rufaa haikukatwa. Boksi mama analitumia kuwekea sindano na nyuzi.