Jibu: Kweli Roma ilianguka siku moja mwaka 476?

Mkuu, umeuliza kama Roma, yaani dola ya Kirumi ya magharibi, ilianguka siku moja mwaka 476. Hapana, na hata huo mji wa Roma haukuchomwa mwaka huo.

Ugomvi wa mwaka huo ulikuwa wa ardhi. Askari wa kukodiwa walioko Italia walidai theluthi ya mashamba. Orestes, jenerali aliyemweka mwanawe Romulus kwenye kiti cha enzi (na ambaye zamani alikuwa katibu wa Attila, mfalme wa Wahuni, fikiria!), akakataa. Basi wakamtawaza Odoacer, mmoja wa makamanda wao, kuwa mfalme wao tarehe 23 Agosti. Siku tano baadaye Orestes akauawa Piacenza, na Septemba 4 ndugu yake Paulus akauawa Ravenna.

Kijana Romulus aliondolewa kwenye kiti lakini akaonewa huruma kwa sababu ya umri, na eti pia kwa uzuri wa sura. Akapelekwa Campania, kusini mwa Italia, na posho ya sarafu 6,000 za dhahabu kwa mwaka. Kustaafu kwa namna hiyo nani angekataa?

Mavazi ya kifalme yakapelekwa Konstantinopoli kwa Zeno, kaizari wa mashariki, ambaye Agosti hiyohiyo alikuwa ndiyo kwanza amekirudisha kiti chake kutoka kwa Basiliscus aliyekuwa amekinyakua. Halafu Julius Nepos, kaizari wa magharibi aliyefukuzwa 475, bado alikuwa hai Dalmatia, ng'ambo ya bahari kutoka Italia, hadi 480.