Somo la hospitali kuhusu tendo la ndoa baada ya maradhi ya moyo

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mume wangu alipatwa na shambulio la moyo. Hospitali ilituita sote wawili, muuguzi akaanza kutueleza lini tunaweza kukutana tena kimwili. Mzee aliyetusindikiza akatutoa nje, eti ni kuvunja haya. Miezi imepita, mume wangu haniwekei mkono, nami naogopa asije akanifia kitandani. Je, napata dhambi?

JIBU: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Allah amponye mumeo. Dhambi huna. Ile laana iliyotajwa kwenye hadithi ni ya mke anayemkatalia mumewe bila udhuru. Hapa hakuna aliyekataa; nyote mmeshikwa na hofu.

Aliyenikera ni huyo mzee. Haya gani hiyo? Ummu Sulaym, sahaba wa kike, alimwendea Mtume (s.a.w.) akasema Allah haoni haya katika haki, akauliza kama mwanamke akiota ndoto ya kujamiiana huwajibika kuoga. Akajibiwa: “Ndiyo, akiona maji.” Bibi Aisha naye akawasifu wanawake wa Kianswari kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Swali la josho liulizwe, la uhai wa mtu lifungiwe mdomo? Tena mafakihi wamemruhusu tabibu hata kutazama utupu panapo haja ya tiba. Maneno tu ya muuguzi yatakuwaje haramu?

Rudini mkaulize. Kwa kawaida mgonjwa aliyetulia, anayepanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu ya kifua wala kuhema sana, huruhusiwa. Aliyepasuliwa kifua hungoja kama wiki 6 hadi 8, mfupa uunge. Kufia kitandani ni nadra, ila mwenye kauli ni daktari wake.

Ninachokihofia zaidi ni mumeo kuona aibu akanunua kwa siri vidonge vya nguvu za kiume. Sildenafil, dawa iliyomo kwenye vidonge vingi vya aina hiyo, ikikutana na dawa za nitrati za maumivu ya kifua, kama ile ya kuweka chini ya ulimi, presha huporomoka ghafla na mtu anaweza kufa. Hata za “mitishamba”, baadhi zimekutwa na sildenafil hiyo hiyo ndani. Allah amesema: “Wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo.” Na dawa za moyo zikimpunguzia nguvu, asiziache, amwambie daktari, huenda akambadilishia.

Kwa sasa usihame kitanda, dada yangu. Mshike mkono, mzungumze; mgonjwa wa moyo huvunjika pia roho, akadhani hatakiwi tena. Na siku ya hospitali nendeni wawili tu, mzee abaki nyumbani.

Wallahu a'lam.